Geuka, Mwalimu wa Kiswahili, Kabla ya Kengele ya Kesho

Mwalimu, simama! Weka chaki chini. Kabla hujaandika A-WA ubaoni tena, kabla hujachora jedwali lile lile, kabla hujasema "nakilini haraka," geuka uwatazame hao walioketi mbele yako.

Wanaandika. Wamenyamaza. Wanachokiandika hawakielewi wala hawakipendi, nawe unajua.

Unajua! Hilo ndilo linalonifanya nipaze sauti. Ungekuwa hujui, ningekujia polepole. Lakini ulisomea kazi hii. Chuoni uliambiwa kwamba lugha hushikwa kwa kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Ukayaandika hayo kwenye mtihani wako, ukafaulu. Tena umeyaona kwa macho yako. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa husema kiti kimevunjika, mlango umefungwa, maji yamemwagika, na hajawahi kuonyeshwa jedwali la ngeli hata siku moja. Mwenye macho haambiwi tazama. Mbona basi ungali unangoja?

Unangoja muhula uishe. Unangoja mkaguzi aje. Unangoja mtaala mpya.

Mtaala umekuja! Mtaala wa umilisi ulianza kote nchini Kenya mwaka 2019, na KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka 2023. Majina ya madarasa yamebadilika, vitabu vimebadilika, hata lugha ya mikutano ya walimu imebadilika. Na wewe je? Maandalio yako ni yale yale, mwendo wako ni ule ule, kimya cha wanafunzi wako ni kile kile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapa si lako.

Itazame hatari yenyewe. Mtoto wa Nairobi, wa Kisumu, wa Eldoret anakuja darasani mwako akiwa na lugha mdomoni. Ana Sheng ya mtaa, ana Kiswahili cha stendi na cha sokoni, ana lugha ya nyanya yake. Nje anatania, anabishana, anasimulia mechi nzima bila kukwama. Akivuka kizingiti chako anakuwa bubu. Somo la lugha ndilo linalomnyamazisha!

Anathubutu mara moja kusema "kitabu yangu imepotea." Darasa linaangua kicheko. Nawe unacheka nao, au unakunja uso, au unamsimamisha mpaka akumbuke ngeli. Hathubutu tena. Kidato cha kwanza kinapita, cha pili, cha tatu. Anamaliza shule akiwa na gredi yake mkononi na chuki yake moyoni, na maisha yake yote ataapa kwamba Kiswahili ni kigumu. Ataapa hivyo mbele ya watoto wake.

Huyo amekwenda. Usimpoteze mwingine!

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986 jinsi watoto wa shule enzi za ukoloni walivyochapwa na kuaibishwa kwa kusema Kigikuyu. Ukoloni uliondoka, disiki, kile kibao cha aibu anachovishwa anayesema lugha iliyokatazwa, ikabaki. Katika shule nyingi Kiswahili chenyewe kimeadhibiwa siku za Kiingereza, na wewe ulilia kwa uchungu uliposikia hayo. Kisha ukaingia darasani mwako ukaanza kumwadhibu anayesema Sheng! Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeikataza adhabu ya kiboko. Lakini ipo adhabu ambayo sheria haiwezi kuikamata: ulimi wako. Kejeli yako humfunga mtoto mdomo kwa miaka. Iache. Iache leo, si baada ya mtihani wa katikati ya muhula.

Utaniuliza: basi akikosea nimwache? La, usimwache! Hapa ndipo walimu wengi wema wanapoteleza. Mmoja anakemea kila kosa, mwingine anaachilia yote yapite kwa jina la upole, na mtoto anabaki palepale kwa wote wawili. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya watoto waliokuwa wakifundishwa kwa Kifaransa karibu na Montreal, Kanada, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1997. Walimu wale walipenda kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, kisha wakaendelea na somo; mara nyingi mtoto hakutambua hata kwamba amesahihishwa. Waliosukumwa kidogo ili wajirekebishe ndio waliojirekebisha.

Fanya hivyo! Akikwambia "kitabu yangu imepotea," kwanza msikilize, maana kitabu kimepotea kweli. Kisha sema "Kitabu..." unyamaze, umtazame usoni. Atatafuta. Atajaribu. Atasema "changu." Ngoja tena. Atasema "kimepotea." Sasa muulize alikiacha wapi, nani alikiona mara ya mwisho, akikipata atakiweka wapi. Dakika moja haijaisha na kijana ameutumia upatanisho wa KI mara nne, mara tano, kwa jambo linalomuuma yeye mwenyewe. Jedwali gani limewahi kumfanyia hivyo?

Na ukishauliza, nyamaza! Miaka ya 1970 Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu humpa mwanafunzi baada ya swali. Akaona kwamba kwa kawaida ni kama sekunde 1 tu, kisha mwalimu hujijibu mwenyewe au humrukia mwingine. Walimu waliojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu, tena kutoka kwa wanafunzi ambao walikuwa hawasemi kitu. Sekunde 3, mwalimu! Hazihitaji bajeti, hazihitaji harambee, hazihitaji barua kutoka wizarani. Ni zako tangu siku ulipoanza kazi, na umekuwa ukizizika kwa sauti yako mwenyewe.

Usijidanganye tena kwa "Tumeelewana?" Unajua watakavyojibu. "Ndiyooo, mwalimu!" Wote kwa pamoja, hata yule wa nyuma aliyelala. Kiitikio hicho hakikuambii neno lolote juu ya nani ameelewa. Muulize mmoja aeleze kwa maneno yake. Muulize mwenzake kama anakubali. Mpe wa tatu nafasi ya kupinga. Hapo utajua somo lako limefika wapi, na huenda ukasikitika; afadhali usikitike Jumanne kuliko siku ya matokeo.

Sisemi uzitupe ngeli! Asiyejua kupatanisha hajaijua lugha hii, na anayesema sarufi haina kazi anawadanganya watoto. Nasema usiitangulize maiti kabla ya mtu hai. Wasikie kwanza maneno yakiwa kazini, katika kisa, katika tangazo, katika ugomvi wa wahusika wawili. Waulize wameona nini kinajirudia. Wakishagundua wenyewe, wape kanuni, fupi, wazi, yenye mifano mitatu. Kisha wairudishe kazini: waandike, wasimulie, wabishane. Dakika 5 za kanuni zatosha. Zinazobaki ni za kuitumia.

Lakini wewe umefanya kinyume. Umewafundisha kuchanganua sentensi kwa mishale, kwa matawi, kwa jedwali. Wanajua S kuzaa KN na KT. Wanataja shamirisho kipozi, shamirisho kitondo, shamirisho ala bila kupepesa. Haya, mwambie mmoja wao amwandikie chifu barua kuhusu daraja lililobebwa na maji. Kalamu inakauka! Anakitaja kila kiungo cha sentensi, na sentensi yake mwenyewe hana.

Na sasa nasikia kilio chako kile cha kila mwaka: mtihani, mtihani, mtihani!

Njoo tuuhesabu huo mtihani. KCSE ya Kiswahili ina karatasi tatu. Insha, alama 40. Karatasi ya pili, alama 80: ufahamu 15, muhtasari 15, matumizi ya lugha 40, isimu jamii 10. Fasihi, alama 80. Jumla 200. Matumizi ya lugha, ambayo ndiyo unayoyahubiri kutoka Januari hadi Oktoba, ni alama 40 kati ya hizo 200. Insha, ufahamu, muhtasari na fasihi ni alama 150, na zote 150 zinamwendea anayeweza kusoma akaelewa na kuandika akaeleweka. Mtihani unaouogopa unakushuhudia! Unafundisha kwa hofu ya mtihani mambo ambayo mtihani wenyewe umeyapa sehemu ndogo, na yale makubwa unamwachia mtoto ayapate mwenyewe usiku, kwenye bweni, kwa tochi.

Tena unamzuia hata asiyapate. Miongozo! Hapa ndipo moyo wangu unapowaka.

Hapo juu ya meza yake ipo riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi. Ipo tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha. Kazi za watu waliokesha wakitafuta neno linalofaa. Nawe umemwambia anunue mwongozo. Maudhui, haya. Wahusika na sifa zao, hawa. Mbinu za uandishi, hizi hapa kwa mfululizo. Umemtafunia, umemmezea, kisha unamwamuru ashibe! Anaingia kwenye mtihani akijua kwamba mhusika fulani ni "mwenye tamaa," wala hajawahi kukaa naye ukurasa kwa ukurasa akamwona akitamani. Hajacheka, hajakasirika, hajaogopa yatakayotokea sura inayofuata. Amekariri fasihi asiyoisoma.

Waulize watu wazima waliosoma Siku Njema shuleni, ile riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Waulize kuhusu Kongowea Mswahili na safari yake kutoka Tanga kumtafuta baba. Uone nyuso zao zinavyobadilika! Walibora aliaga dunia mwaka 2020, lakini wapo wengi ambao hadi leo wana Kiswahili kwa sababu walikifuata kile kisa hadi Kitale wakikataa kukiweka kitabu chini. Hakuna mwongozo uliowahi kumfanyia mtu hivyo.

Na kama ushuhuda wa moyo haukutoshi, upo wa vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walikwenda katika shule za msingi za vijijini huko Fiji, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa mengine yaliendelea na njia iliyozoeleka, ya kurudiarudia sentensi zilizopangwa. Mengine yalipewa vitabu 250 vya hadithi nzuri kila darasa. Watoto wakasoma, wakasomewa, wakazungumzia walichosoma. Baada ya miezi 8 watoto wa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kusikiliza kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida hiyo ikaenea hadi stadi nyingine za lugha. Hawakuletewa walimu wageni. Waliletewa hadithi!

Huna vitabu 250, najua. Una kimoja? Kisome kwa sauti, dakika 10, kila kipindi, kisha ukifunge pale wanapolilia uendelee. Una nakala ya Taifa Leo ya wiki iliyopita? Ikate vipande, kila kundi lipate habari yake, liwasimulie wengine. Una simu? Hadithi za African Storybook zinapatikana bure, na za Kiswahili zimo. Kabati la vitabu lililofungwa kufuli ofisini ili vitabu "visiharibike," lifungue! Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kinachong'aa kwenye kabati hakijafanya.

Lakini angalia usije ukakimbilia upande mmoja ukaanguka. Kusoma na kusikiliza pekee hakutoshi. Merrill Swain aliwatazama watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Walielewa karibu kila kitu, lakini waliposema na kuandika walikuwa bado nyuma sana ya wenye lugha. Mwaka 1985 akaeleza sababu: hawakupata nafasi za kutosha za kulazimika kuunda maneno yao wenyewe. Basi wape nafasi hizo!

Usiniambie darasa ni kubwa. Tangu sera ya wote kuingia sekondari ilipoanza mwaka 2018 madarasa yamefurika, na hilo ni kweli, na serikali ina la kujibu. Lakini piga hesabu. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi ni 50. Ukiwasemesha mmoja mmoja bila kupumzika, hata dakika moja moja haiwafikii. Wakae wawili wawili, wazungumze dakika 10, na kila mmoja wao amesema dakika 5. Wote 50! Kutakuwa na kelele? Ndiyo, kutakuwa na kelele. Mwalimu mkuu atachungulia dirishani. Mwache achungulie, mweleze, mkaribishe aketi asikilize. Darasa la lugha lililo kimya siku nzima ndilo linalopaswa kumtia mtu wasiwasi.

Na insha! Umewapa misemo ya kukariri, methali za kufungulia, sentensi za kupambia. Ndiyo maana insha 50 zinakufikia zote zikianza na jua likichomoza, ndege wakiimba, umande ukimeta, hata pale mada ni rushwa. Kisha unazimwagia wino mwekundu hadi usiku wa manane, mtoto anatazama alama tu, anaifunga, basi. Unachoka bure naye haandiki vizuri zaidi. Waandike mara nyingi, waandike kifupi, waandike kwa mtu: kwa mwenzao, kwa mzazi, kwa mhariri. Wasomeane kabla hujasoma wewe. Chagua jambo moja la kusahihisha wiki hii, liwe moja tu, na jingine wiki ijayo. Chini ya kila kazi andika swali moja kuhusu alichosema: "Ilikuwaje baada ya hapo?" Mtoto aliyeulizwa hivyo anajua kwamba amesomwa.

Jumatatu, kabla hawajafungua daftari, waambie waandike kwa kichwa maneno mapya ya wiki iliyopita. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejikumbusha bila kutazama huhifadhi mengi zaidi baada ya wiki kuliko anayesoma tena na tena. Ni dakika 3. Fanya.

Lakini kuna jambo lisiloweza kungoja hata Jumatatu. Katika fasihi simulizi umewafundisha hatua za utafiti nyanjani. Wanataja umuhimu wa hojaji, ubora wa mahojiano, udhaifu wa kushuhudia. Wamekariri! Na nyumbani yuko nyanya ambaye anajua vitendawili ambavyo havimo katika kitabu chochote, visa alivyopewa na nyanya yake, misemo ya mji wake. Hakuna aliyemuuliza. Mjukuu wake ana alama kamili kwenye swali la mahojiano na hajawahi kumhoji mtu!

Watume wiki hii. Kila mmoja alete kisa kimoja kutoka kwa mzee mmoja, akisimulie darasani kwa Kiswahili, hata kama alisimuliwa kwa Kikamba, Kidholuo au Kipokomo. Watume sokoni wakasikilize sajili ya biashara badala ya kuikariri. Watume kituo cha matatu. Warudi na daftari zilizojaa maneno ya watu walio hai. Nyanya hangoji silabasi iishe. Mwaka huu yupo. Mwakani huenda hayupo, na hakuna kitabu utakachofungua umpate humo.

Mwalimu, njia mbili ziko mbele yako na huwezi kuzifuata zote. Kunakili au kutunga. Kukemea au kusikiliza. Mwongozo au kitabu. Hakuna mkaguzi atakayekuchagulia, hakuna mtaala utakaokusukuma, hakuna mwenzako ofisini atakayekupigia makofi utakapoanza. Utaonekana unapoteza muda. Utaambiwa darasa jirani limekutangulia sura mbili. Shikilia!

Usianze na yote. Usiku huu chagua ukurasa mmoja. Usome kwa sauti peke yako hadi ujue pa kutulia na pa kukaza. Kesho uwasomee, uulize swali moja ambalo jibu lake hulijui, ungoje. Kisha wageukiane, waseme.

Usiniambie utaanza muhula ujao. Walio kidato cha nne muhula ujao wanafanya mtihani, na baada ya hapo hutawaona tena darasani mwako. Anza kesho!